Usiku babu alipomchagua nahodha

Ukiniuliza nampenda nani kwenye hizi stori za vampaya, hao wanyonya damu, sitakutajia Edward wala Lestat wala huyo Dracula mwenyewe, nitakutajia nahodha wa Demeter, chombo kilichompeleka Dracula Uingereza, na wengi hata hawamkumbuki manake kwenye kitabu jina hakupewa. Na si mimi niliyemchagua. Alimchagua babu yangu, mzee ambaye hajasoma riwaya ya Kizungu hata moja.

Ilikuwa Ramadhani ya 2010, ile iliyoangukia Agosti, na usiku huo Lamu stima ilipotea mapema, watu bado wako taraweh, kwa hivo waliporudi nyumba nzima ikapanda darini na mikeka na birika la kahawa na sinia ya viazi vya karai vilivyobaki kwa futari. Binamu yangu wa Mombasa alikuja kufunga na sisi na mwaka huo alikuwa mgonjwa wa Twilight, zile riwaya za msichana Bella na vampaya wake Edward, si mchezo, filamu ya tatu ilikuwa imetoka tu karibuni na vitabu vyote alikuwa navyo kwenye begi. Wasichana wa jirani wakajaa, mjadala ukawa nani wa kupendwa zaidi kwenye stori hizi. Timu Edward huku, timu Jacob, mpinzani wake kwa Bella, kule, na mimi na Dracula yangu ya karatasi za manjano, ambayo mgeni mmoja aliiacha kwenye nyumba ya wageni Shela, alikokuwa akipika mamangu mdogo.

Binamu alianza na hoja kali. Edward ana adabu, alisema, anataka ndoa kwanza, Bella mwenyewe ndo mwenye haraka. Wallahi hapo shangazi zetu wote wakaitikia mashallah, kura za wakubwa akazibeba papo hapo. Alafu akatuonyesha vile mtunzi wake Stephenie Meyer amejengea juu ya vitabu vya zamani, ati Twilight ina Pride and Prejudice ndani yake, cha pili kina Romeo and Juliet, cha tatu kina Wuthering Heights ambayo Bella mwenyewe anaisoma, na jina Edward limetoka kwa Rochester wa Jane Eyre na kwa Ferrars wa Jane Austen. Mi nikamwambia basi huyo si vampaya, huyo ni bwana harusi wa Kiingereza wa zamani amebandikwa meno makali tu. Akanuna, lakini mpaka leo nasimamia hilo neno.

Dadangu akaja na lake, kwamba vampaya kumeremeta juani kama huyo Edward ni upuuzi, vampaya jua linamuua. Hapo ilibidi niingie manake watu wengi wanaamini hivo. Kwenye kitabu cha Bram Stoker cha 1897 Dracula anatembea London mchana kweupe, Jonathan Harker, wakili kijana wa kwenye stori, anamwona Piccadilly akikodolea macho msichana. Jua linampunguzia nguvu, halimuui. Habari ya jua kumuua ilitiwa na Wajerumani kwenye filamu ya Nosferatu, 1922, na hiyo filamu yenyewe ilichukua stori bila ruhusa mpaka mjane wa Stoker akaenda mahakamani na ikaamriwa nakala ziharibiwe. Dadangu akasema basi wote waongo.

Binamu mkubwa, huyu alikuwa ameolewa tayari na mtoto amelala mapajani, alimtaja Claudia, yule mtoto wa Interview with the Vampire asiyekua, akili inakuwa ya mwanamke na mwili unabaki wa kitoto. Akatuambia Anne Rice alifiwa na bintiye mdogo 1972, ugonjwa wa saratani ya damu, na hicho kitabu kikatoka 1976. Shangazi mmoja akauliza huyo mama yuko hai? Wakati huo alikuwa hai, alifariki 2021. Akamwombea subira hapo hapo, kwa jina, kama jirani wa Langoni.

Sasa bibi, ambaye alikuwa kimya akipepea kwa kipepeo, akauliza hawa watu kwani wamelipata wapi jambo hili. Dibaji ya kitabu changu ilikuwa nayo, nikamwambia: 1816, mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka mwaka wa nyuma, Ulaya ikakosa majira ya joto, mvua na baridi tu, na Lord Byron, mshairi wa Kiingereza, yuko na wageni wake karibu na ziwa Geneva wamefungiwa ndani, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Mary Shelley akaanza Frankenstein. Daktari wa Byron, kijana anaitwa Polidori, baadaye akatunga The Vampyre, na vampaya wake ni lodi mzuri wa sura, tajiri, anapita kwenye majumba ya watu akiharibu wasichana, yaani ni Byron mtupu, bosi wake. Ilipochapishwa 1819, wakati ngome yetu hapa bado haijamalizwa kujengwa, gazeti likaandika kwamba mtunzi ni Byron! Kijana amemsema bosi na bosi akapewa sifa. Kuna Carmilla pia ya 1872, ya Le Fanu, lakini stori ya mwanamke anayempenda mwanamke sikuthubutu kuisimulia mbele ya bibi, nikairuka.

Bibi akasema sasa ndo ameelewa, huyo ni mumiani. Utotoni mwao walikatazwa kabisa kuonekana nje baada ya magharibi, mumiani atakuchukua, damu yako itakwenda kufanywa dawa. (Bara walikuwa na yao, Nairobi na Kampala watu waliogopa wazimamoto hivo hivo, na mwanahistoria Luise White ameandika kitabu kizima juu ya uvumi huu, cha mwaka 2000.) Binamu wa Mombasa akauliza, je mumiani anaweza kumpenda mtu? Bibi akamwangalia kwa huruma. "Mumiani hakupendi, mwanangu. Mumiani yuko kazini. Ana mshahara wake."

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Nikaona nafasi yangu ndo hii, nikawaeleza Dracula alivyofika Uingereza, na nilipotaja chombo cha matanga babu, ambaye wote tulidhani amelala ubavu na tasbihi mkononi, akafungua mato.

"Ndoo hapa," akaniita nisogee. "Kilipakia nini chombo hicho?"

Babu alikuwa baharia wa majahazi tangu ujana, Mombasa na Kismayu, na usimuanzishie stori ya bahari kama huna majibu. Nikamwambia mchanga, babu, na masanduku ya udongo hamsini. "Farumi," akasema, yaani uzito wa kutuliza chombo. Watu? Tisa, ukihesabu nahodha na mpishi. Wanatoka wapi? Varna, Bahari Nyeusi, wakapita Istanbul, wakatokea Gibraltar, wanakwenda Whitby. Mwezi gani? Julai. Akatikisa kichwa kwa Julai, manake kwetu Julai ni kusi tupu na mtu mwenye akili anatia chombo pwani anakipaka sifa, yale mafuta ya samaki.

Basi nikamsomea kwenye simu ya binamu kama tochi, nikifasiri vile naweza. Daftari la nahodha. Baharia mmoja hayuko asubuhi, wanatafuta chombo kizima, hayuko. Siku zinapita, wa pili, wa tatu, wote kwenye zamu ya usiku, na waliobaki wanasema wamemwona mtu mrefu mwembamba asiye wao. Msaidizi wa nahodha anataka kuyafungua masanduku. Hapa babu akanisimamisha: na nahodha alisemaje? Nikatafuta mstari. Nahodha anaandika amwache tu ayapige, yameandikwa ni udongo, hayataharibika. Babu akafurahi mno na hilo, akasema huyu anajua kazi, watu wake wanakufa na bado anafikiria mzigo wa wenyewe. Yule msaidizi akashuka ngamani, chini kwenye mizigo, na akapanda mbio akipiga kelele, akajitosa baharini mwenyewe. Akabaki nahodha peke yake kwenye ukungu, akajifunga mikono kwenye usukani pamoja na msalaba wake ili huyo shetani asimguse, na chombo kikaingia Whitby kwa dhoruba, watu wamejaa ufukweni wanatazama, usukani umeshikwa na maiti.

"Huyo Dracula alifanya nini?" Aliruka nchi kavu kwa sura ya mbwa. "Mbwa," babu akasema, na sijui kama alikuwa anataja mnyama.

Kuanzia hapo mjadala ukawa wake. Nikamwambia Stoker alikwenda Whitby mwenyewe 1890 kupumzika, huko akakuta jina Dracula kwenye kitabu cha maktaba, na akasimuliwa habari za chombo cha Kirusi, Dmitry, kilichopanda mchanga pale 1885, nacho farumi yake ilikuwa mchanga. Babu alipenda kujua kilikuwako kweli. Nikamwambia pia sheria ya Van Helsing, yule mzee anayemwinda Dracula kwenye kitabu, kwamba vampaya hawezi kuvuka maji yanayokwenda ila wakati wa maji kujaa au yaliposimama. Babu akapiga paja. Basi angengoja maji yajae Mkanda, ile njia yetu ya chombo, kama sisi sote, ashuke akae na njaa yake.

Binamu akaona kura zinamponyoka, akasema tupige kura kabla ya daku. Shangazi watatu waliomwahidi Edward wakahamia kwa nahodha, mmoja akasema ndoa ni nzuri lakini mwanamume wa kubaki na usukani hapatikani. Nilidhani tumemaliza, lakini babu alikuwa bado na swali.

"Nahodha amekufa. Mzigo umefika. Nani aliupokea?"

Wakili, babu, nikamwambia, Billington, wa pale pale Whitby. Makaratasi ya masanduku yote hamsini yalikuwa kwake, akayapakia kwenye treni mpaka London.

Babu akamgeukia bibi. "Umemsikia mumiani wako?"

"Mshahara," bibi akasema. "Si nimewaambia."