Mti wa neno "paletot": ile e ya katikati imepata jibu

Hatimaye mti wa paletot, neno la Kifaransa la koti zito la kuvaliwa juu ya nguo nyingine, umekaa sawa; mti ni mchoro wangu wa ubaoni, wa kadi na uzi, unaoonyesha jinsi neno lilivyosafiri kutoka lugha moja hadi nyingine. Kwa wiki tatu nilikwama mahali pamoja: kwa nini Warusi, Waturuki, Waajemi na Wagiriki wote husema palto, silabi mbili tu, ilhali Wabrazili husema paletó?

Kosa langu lilikuwa kuyaamini maandishi. Niliyaingiza maneno yote katika programu ya majedwali, nikayapanga kwa tahajia, kisha nikashawishika kwamba ipo lugha moja iliyoimeza e hiyo na kuwagawia wenzake, nikaisaka mpaka usiku wa manane. Jana niliizima kompyuta, nikaandika kila neno kwenye kipande cha manila na kuanza kuyasoma kwa sauti. Hapo ndipo fundo lilipofunguka, kwa sababu Mfaransa mwenyewe, katika mazungumzo ya kawaida, haitamki e ya katikati wala t ya mwisho. Kinywani mwake neno ni palto tangu awali. Kwa hiyo palto ni neno la sikio, na paletó limebaki na alama ya maandishi, kama Wajerumani walioandika Paletot bila kupunguza hata herufi moja. Kwa kazi ya namna hii sitaanza tena na majedwali.

Mzizi haukunisumbua: paltok ya Kiingereza cha karne ya 14 ilivuka kwenda Ufaransa, na katika karne ya 19 ikarudi Uingereza ikiwa paletot.

Tawi la Kiarabu ndilo lililonifurahisha zaidi. Kwa kuwa Kiarabu hakina p, neno limekuwa balto. Misri hulitumia hata kwa koti jeupe la daktari, na Yemen ni vazi refu jeusi la wanawake.

Nilipanga leo niendelee na blouse, lakini balto imenivuta kwenye koti letu wenyewe, lililotokana na coat ya Kiingereza, ambayo nayo ilitokana na cote ya Kifaransa cha kale. Gauni nalo limepita njia hiyohiyo, kutoka goune hadi gown. Blouse itasubiri, kadi ya koti imeshabandikwa ubaoni, na uzi wake unaanzia Ufaransa, unapita Uingereza, ndipo unafika pwani yetu.