Sumaku inayofuata matuta

Chukua vibao viwili vya kristali kutoka boksi moja, paka utando uleule wa sumaku kwa resipi ileile, afu pima usumaku. Kwenye kibao cha kwanza sumaku inapenda kulala sambamba na ukingo, kwenye cha pili inapenda kulala mshazari, na ukiilazimisha ielekee pengine inabisha. Hapo ndo utasikia lawama zote duniani, mara oksijeni ilikuwa ndogo, mara leza ya kupakia imechoka, mara aliyetumia mashine jana aliacha uchafu. Mi siku hizi swali langu la kwanza ni moja tu, uso wa kibao ulikuwaje kabla hujapaka kitu?

Ninachokizungumzia ni LSMO, yaani oksaidi ya lanthani, stronti na manganisi, inayopakwa juu ya kibao cha strontiamu titaneti ambayo sote tunaiita STO. Ni sumaku nzuri sana, kipande kinene kinabaki sumaku hadi karibu kelvini 370, ambayo ni kama nyuzi 97 za selsiasi, kwa hiyo hata chumba kikiwa na joto la Dar mwezi wa pili bado inafanya kazi. Kibao chenyewe ni milimita 5 kwa 5, unene nusu milimita, kinaonyesha upande wa pili kama kioo, na kikitoka kwenye chemba kimepakwa utando wa nanomita 20 au 40 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) kinakuwa cheusicheusi cha kung'aa. Kwa macho huoni kosa lolote.

Tatizo liko chini ya hapo. Hakuna anayeweza kukata kristali sambamba kabisa na tabaka zake za atomu, lazima kuna kamteremko, na atomu haziwezi kuteremka nusunusu, kwa hiyo uso unajipanga kama shamba la mlimani kule Lushoto, tuta tambarare halafu ngazi, tuta halafu ngazi. Kwenye STO ngazi moja ni nanomita 0.39. Sasa piga hesabu: mteremko wa nyuzi 0.1 unakupa matuta yenye upana wa nanomita 220 hivi, mteremko wa nyuzi 0.5 unakupa nanomita 45. Muuzaji kwa kawaida anakuahidi tu kwamba haizidi kama nusu nyuzi, kwa hiyo vibao vyote viwili viko sawa kwenye karatasi yake wakati kimoja kina ngazi mara tano ya mwenzake. Na ngazi zinaelekea upande gani? Hilo mara nyingi hata haliandikwi.

Kuziona ngazi vizuri kuna kazi yake. Mtafiti Kawasaki na wenzake walionyesha mwaka 1994 kwamba ukiosha STO kwa asidi ya haidrofloriki iliyotulizwa, yaani iliyopunguzwa ukali, unabaki na uso wa aina moja tu, wa titani na oksijeni, afu unachoma kwenye tanuru karibu nyuzi 950 za selsiasi mpaka ngazi zinyooke. Hiyo asidi usiichezee, inakula kioo, ndo maana tunatumia bika za tefloni na jeli ya kalsiamu ya kupaka asidi ikigusa ngozi inakaa karibu, mkono unapofika. Baada ya hapo unaweka kibao chini ya hadubini ya atomu, ile inayopapasa uso kwa ncha kali, picha inajichora mstari kwa mstari, na ikiwa umepatia unaona mistari imelala sambamba, misafi. Kile kipindi cha kusubiri picha imalizike mi nakipenda kuliko kazi nyingine yoyote ya maabara, sijui kwa nini.

Sasa kwa nini sumaku ijali ngazi ya atomu moja? Kwenye LSMO usumaku unabebwa na elektroni zinazoruka kutoka manganisi moja kwenda nyingine kupitia oksijeni iliyo katikati, mwanafizikia Zener alieleza hilo mwaka 1951, na elektroni inaruka vizuri zaidi pale atomu hizo tatu zinapokaribia kunyooka. Utando unafuata ngazi za kibao, na ukingoni mwa ngazi manganisi imekosa jirani upande mmoja, mnyororo unapinda, mvutano wa kristali nao sio sawa pande zote, na mwanafizikia Néel alishasema mwaka 1954 kwamba atomu iliyokosa majirani inapata mwelekeo wake inaoutaka. Ngazi moja peke yake haikusumbui, ila zikiwa maelfu zimejipanga upande mmoja zinakubaliana, na utando mzima unaanza kupendelea kulala kufuata urefu wa ngazi.

Kuthibitisha ni raha. Unapiga leza kwenye utando, unaangalia mwanga unaorudi umezungushwa kiasi gani huku ukibadilisha uga wa sumaku, afu unageuza kibao kidogokidogo. Uga ukifuata ngazi, mchoro wa usumaku dhidi ya uga unakuwa wa pembe kali, sumaku inabaki pale ulipoiacha halafu inageuka ghafla. Uga ukikatiza ngazi mchoro unalala, sumaku inajivuta polepole na uga ukirudi sifuri karibu hakuna kilichobaki. Kibao ni kilekile, dakika chache tu zimepita.

Ila usidhani ngazi ndo bosi muda wote. Kristali yenyewe ina mielekeo yake miwili inayokatana kwa pembe mraba, na ukipoza ule upendeleo unapata nguvu, ngazi zinaanza kushindana nao. Kuna watu wanaagiza makusudi vibao vya mteremko wa nyuzi 10, matuta yanabaki nanomita 2.2 tu, ili ngazi zishinde. Na mparuzo wa uso usio na mpangilio ni habari nyingine, huo haukupi mwelekeo wowote, unakamata tu mipaka ya maeneo ya sumaku (sehemu ambazo sumaku yote inaelekea upande mmoja) na kuichelewesha kutembea, na ukiweka tabaka mbili za sumaku zenye mawimbi yanayofanana zinaanza kuvutana wakati ulitaka kila moja igeuke kivyake.

Kwa hiyo nikisoma ripoti inayosema LSMO yetu ina mwelekeo huu na huu kwa sababu ya kiasi cha stronti, afu hakuna picha ya uso wala pembe ya mteremko wala upande ngazi zinakoelekea, naiweka pembeni kwanza. Mchanganyiko unaweza kuwa na kosa kweli, sikatai, ila sasa utajuaje?