Siku ya mwisho Tübingen

Mwenye nyumba alifika asubuhi na fomu yake, akakagua chumba kizima: madirisha, kitasa, bomba, soketi za umeme. Akasoma mita, nikatia saini, nikamkabidhi funguo. Kwa manispaa nilikuwa nimeshakwenda siku chache kabla kujiondoa kwenye daftari la wakazi, maana Ujerumani ukihamia mji unajiandikisha, na ukirudi kwenu unawaaga rasmi.

Kazi iliyobaki ilikuwa ngazi. Tübingen iko Swabia, eneo la kusini-magharibi mwa Ujerumani, na Waswabia wana desturi ya Kehrwoche, zamu ya usafi inayozunguka mlango hadi mlango. Kwenye nyumba yetu zamu ilitangazwa na kibao kidogo cha mbao. Ukikikuta kinaning'inia mlangoni kwako, wiki hiyo ngazi, korido na njia ya mbele ni mali yako. Nilipiga deki mapema, nikafagia nje mpaka ukingoni mwa barabara, nikakitoa kibao na kukitundika kwa jirani wa chini, mjane mmoja mzee aliyeishi nyumba ile tangu ujana wake. Muda wote niliokaa pale tulisalimiana kwa Grüß Gott, na kila mmoja alimwita mwenzake kwa jina la ukoo. Kwa wengi huo ungeonekana ubaridi. Mimi niliuona ni heshima, kwa sababu ni yeye huyohuyo aliyenigongea mlango nilipougua, na sufuria la supu mkononi.

Alitoka, akaikagua ngazi kwa macho, akaridhika. Nikamwomba anitunzie mizigo, nikapanda zangu kwenda kasri.

Kasri la Hohentübingen liko juu kabisa ya mji, na njia ya kulifikia, Burgsteige, imetandikwa mawe na ina mwinuko wa kukatisha pumzi. Watalii wengi hupanda kutazama paa nyekundu za mji wa kale na bonde la mto Neckar, au kumwona farasi mdogo aliyechongwa takriban miaka 40,000 iliyopita kwa pembe ya mamothi, tembo wa kale waliotoweka. Anastahili. Lakini mimi ni mtu wa maabara, na miguu yangu siku zote ilinipeleka jikoni.

Ni jiko kweli, la kupikia watawala wa zamani: dari ya tao, kuta nene, madirisha yaliyozama ndani ya mawe. Chuo kikuu, kilichoanzishwa mwaka 1477, baadaye kilichukua vyumba vya kasri, na katika karne ya 19 Felix Hoppe-Seyler, yule aliyebuni jina himoglobini kwa kile kinachoipa damu wekundu, akawa na maabara humo. Mwaka 1868 akampokea kijana daktari kutoka Basel, Friedrich Miescher, aliyekuwa na tatizo la kusikia. Miescher akapewa jiko.

Alitaka kujua chembe hai imeundwa na nini. Akakusanya bandeji zilizotumika kutoka kliniki ya upasuaji, bandeji zenye usaha, kwa kuwa usaha umejaa chembe nyeupe za damu. Akaziosha chembe zile, akaondoa mafuta kwa spiriti ya moto, akameng'enya protini kwa pepsini, kimeng'enya cha tumboni, aliyoitoa kwenye matumbo ya nguruwe. Mashine ya kuzungusha sampuli hakuwa nayo. Alisubiri viini vya chembe zile vitue vyenyewe chini ya chombo. Mwaka 1869 alibakiwa na kitu ambacho hakikufanana na protini yoyote, chenye fosforasi nyingi. Akakiita nukleini. Leo tunakiita DNA, kile kinachobeba vinasaba.

Mimi nilikwenda Tübingen kujifunza kupata vinasaba vya vimelea vya malaria kutoka tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi ya chujio, ili tuweze kufuatilia vimelea vinavyoanza kuzishinda dawa. Pasua chembe, ondoa protini, osha kwa spiriti, kusanya kilichobaki. Ni njia ileile ya jikoni, isipokuwa mimi nina vifaa vya kutupwa baada ya matumizi na jibu napata siku hiyohiyo. Kwenye kabati la kioo pana kichupa chembamba cha nukleini ambayo Miescher aliitoa baadaye, akiwa amerudi Basel, kwenye mbegu za kiume za samaki samoni. Ndani ni unga uliofifia, rangi ya kahawia. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Mlinzi wa makumbusho, ambaye tayari alinijua sura, aliniacha.

Kinachonigusa zaidi katika habari hii ni kilichofuata. Hoppe-Seyler hakukubali matokeo yachapishwe mpaka ayarudie mwenyewe, kwa mikono yake, na makala ikatoka mwaka 1871. Miescher aliumia kusubiri. Mimi namtetea mzee. Msimamizi wangu naye alikuwa hivyo: sampuli ikitoa jibu zuri, alisema tu, "Rudia." Nilichukia, kisha nikazoea, na sasa siwezi kumwandikia daktari jibu nililoliona mara moja tu. Upande wa pili wa karatasi ile kuna mtoto mwenye homa.

Nilishuka kupitia sokoni. Ilikuwa Ijumaa, siku ya soko, na wakulima walikuwa wakifunga meza zao chini ya ukumbi wa mji wenye saa ya nyota ya mwaka 1511. Muuza mboga mmoja, aliposikia narudi Moshi, alifurahi. Alijua kuwa Tübingen na Moshi ni miji rafiki tangu 2014, na akaniuliza kama mlima bado una theluji. Nikamwambia ipo, ila inapungua. Akatikisa kichwa, akanipa pichi mbili bila kupokea hela.

Yule mjane alikataa katakata nisiende stesheni peke yangu. Alivaa koti lake zuri, akaburuta begi langu dogo, tukavuka daraja la Neckar taratibu. Kulia mashua za kusukumwa kwa mti zilikuwa zimefungwa chini ya mnara wa njano alimoishi mshairi Hölderlin miaka 36 ya mwisho ya maisha yake. Hakuutazama hata kidogo. Alitaka kujua nani atanipokea KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kama watoto watanikumbuka.

"Mdogo labda atalia," nilimwambia.

"Basi mwache alie kwanza," akasema. "Usimbebe kwa nguvu."

Kwenye behewa alinipa chupa ya jamu ya plamu aliyoipika mwenyewe, akanipa mkono, na kwa mara ya kwanza akaniita jina langu la kwanza. Nami nikamwita lake. Treni ya Stuttgart iliondoka kwa wakati. Kabla hatujafika Reutlingen nilifungua sanduku kubwa katikati ya abiria, nikaiviringisha ile chupa ndani ya koti la maabara, maana kwenye begi la mkononi wasingeniruhusu kupita nayo uwanjani.