Uzoefu wangu: kuchagua swichigia ya kilovolti 11 kwa mahali pa joto na unyevu

Swichigia ni safu ya paneli (makabati ya chuma) zenye breka za kuwasha, kuzima na kulinda umeme mkubwa. Kituo changu kina transfoma mbili za MVA 10 (MVA ni kipimo cha uwezo wa transfoma), na chumba cha paneli hufika nyuzi 50 mchana. Kabla ya joto, niliangalia mkondo wa shoti ambao paneli lazima zihimili, kwa kA (maelfu ya ampea), maana hapo ndipo fedha huvuja. Paneli za kA 31.5 zilikuwa zimependekezwa. Transfoma ya MVA 10 yenye impidansi (ukinzani wake wa ndani unaozuia mkondo) ya asilimia 10 hutoa takriban kA 5.3 kwenye shoti. Zikifanya kazi sambamba, kA 10.5, na gridi huipunguza zaidi. Paneli za kA 20 zina akiba nono.

Joto halisameheki hivyo. IEC 62271-1, kiwango cha kimataifa cha swichigia, huchukulia hewa ya chumba isiyozidi nyuzi 40. Maungio ya basba (vyuma vinavyopitisha umeme kati ya paneli) yaliyopakwa bati huruhusiwa kufika 105, yaani yana nafasi ya kupanda nyuzi 65; chumba kikiwa na 50, zinabaki 55. Paneli ya A 630 hapo ihesabu kama A 570. Transfoma iliyojaa huvuta A 525, kwa hiyo inapita, kwa shida. Kama ina feni za kuifikisha MVA 12.5, huvuta A 656 na paneli hiyo haifai tena. Basba, ambayo huenda ikalazimika kubeba A 1,050 za transfoma zote mbili, niliiweka 1,250: ikishushwa inabaki kama 1,130.

Lakini kinachoua swichigia kwenye hali hii mara nyingi ni umande. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa matone kwenye chuma chenye nyuzi 26. Kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja kwenye paneli hukipooza chuma, mlango ukifunguliwa chuma kinatoka jasho. Paneli yenye mzigo hujipasha moto yenyewe. Ya akiba, isiyobeba kitu, ndiyo huharibika kwanza. Dalili zake: unga mweupe juu ya vihami vya epoksi, shaba yenye kijani, harufu kali kama ya mashine ya fotokopi. Cheche ndogo huzalisha ozoni, na pamoja na unyevu hutengeneza asidi ya naitriki inayokula vihami.

Nilichukua paneli za hewa (hewa ya kawaida ndiyo kihami) zenye breka za vakyumu, yaani zinazokata umeme ndani ya chupa isiyo na hewa, lakini za daraja la kV 17.5 badala ya 12: zinahimili msukumo wa ghafla wa volti, kama wa radi, wa kV 95, si 75. Zilizofungwa kabisa, za gesi au za vihami vigumu, ningezilipia tu pale penye chumvi au vumbi jingi. Ukitaka gesi, kumbuka Umoja wa Ulaya umezuia SF6, gesi ya kuhami iliyozoeleka, kwenye vifaa vipya vya hadi kV 24 tangu 1 Januari 2026. Uliza gesi mbadala.

Fedha zilizookolewa kwa kuchukua kA 20 badala ya 31.5 ziliingia kwenye hita za kuzuia umande. Paneli 8, kila moja hita mbili za W 100: moja sehemu ya kebo, nyingine sehemu ya breka, zikiongozwa na haigrostati (swichi inayohisi unyevu) na kulishwa na breka yao wenyewe yenye amita. Zote zikiwaka kwa volti 230, amita husoma A 7. Ikisoma 6.1, hita mbili zimekufa, na hujafungua hata mlango mmoja.

Matundu ya kebo sakafuni yazibwe mara tu kebo zinapopita, kwani unyevu wa mtaroni hupandia hapo. Paneli zikiwa bado stoo, ziunganishie hita umeme wa muda tangu siku zinaposhushwa.