Kumbe tatizo lilikuwa shaba, si masizi
Bunduki yangu ya kuwindia ya .308 (kipenyo cha risasi kwa inchi) ilikuwa ikiweka risasi tatu ndani ya sentimita 3 kwa mita 100. Ghafla zikaanza kutawanyika hadi 9. Nikakaza skrubu za darubini, nikabadili risasi; wapi!

Kusafisha nilisafisha kila nikitoka porini, ila kwa mafuta tu. Masizi ya baruti yalitoka, shaba inayofunika risasi ikabaki imeganda mtutuni. Nilipopitisha dawa yenye amonia, kutokea nyuma ili nisikwaruze mdomo wa mtutu, kitambaa kilitoka bluu kama wino, dalili ya shaba. (Brashi iwe ya nailoni, ya waya wa shaba itakudanganya kwa rangi hiyohiyo.) Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili nzima!

Risasi mbili za kwanza zilikwenda pembeni, kisha zikarudi ndani ya sentimita 3. Sasa masizi natoa kila safari, shaba nikiona tu risasi zinatawanyika.