Kamba za baba

Baba aliacha jeshi la majini kabla sijazaliwa, ila zamu za melini, za muda wa saa nne kila moja, hazikumtoka mwilini. Saa kumi alfajiri yuko macho, kikombe mkononi, anasikiliza upepo. Baadaye akawa meneja. Huko simjui sana, ila waliokuwa chini yake wamelia msibani kuliko sisi.

Mimi namjua yule wa porini, wa kupiga kambi. Alinifunga kitambaa machoni, akanipa kamba: "Funga kitanzi kisichoteleza. Usiku melini hakuna wa kukumulikia." Nilikosea weee, akacheka tu.

Jana nimefungua mfuko wa hema lake. Kamba zote zimeviringwa duara. Pembeni kuna ndoano ya kuvulia, kaichomeka kwenye kizibo isije ikanichoma.