Bibi Yetu wa Majengo

Tumemaliza hitma ya arobaini ya Bibi, na bado nayafikiria maneno yaliyosemwa na wageni: kwamba alikuwa mke mwema, mama mwema na bibi mwema. Ni kweli tupu. Hata hivyo, naona maneno hayo yanaificha kazi yake, kana kwamba wema ule ulijitokea wenyewe, ilhali mimi niliyelala chumba kimoja naye utotoni najua kuwa aliamka kuutafuta kila siku kabla ya adhana ya alfajiri.

Alizaliwa Pumwani, Nairobi, mtaa ambao serikali ya kikoloni iliutenga kwa ajili ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, na ambao sisi wenyeji tunauita Majengo. Alikuwa msichana mdogo mwezi Aprili 1954, Waingereza walipouzingira mji na kuwakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na alipenda kutusimulia jinsi mama yake alivyowalisha watoto wa jirani ambaye hakurudi jioni ile. Nadhani ndiyo sababu sufuria yake haikuwahi kupimwa kwa idadi ya watu wa nyumbani.

Babu alifanya kazi katika karakana ya reli, na mshahara wake haukufika mwisho wa mwezi. Kwa hiyo Bibi alikanda unga wa mahamri usiku, kwa tui na iliki, akauacha uumuke, kisha kulipopambazuka akakaa barazani na karai lake na sufuria ya mbaazi, akiwauzia wanaokwenda soko la Gikomba. Mama yangu na ndugu zake walivaa sare za shule kutokana na karai hilo, na baadaye sisi wajukuu pia.

Babu alipopatwa na kiharusi, upande wake mmoja ukafa na ulimi ukawa mzito. Miaka yote aliyolala, Bibi hakukubali mtu mwingine amwogeshe. Usiku aliamka mara kwa mara kumgeuza ili mgongo usifanye vidonda; Ijumaa alimnyoa ndevu, akamvalisha kanzu iliyopigwa pasi, akamgeuza uso kaskazini kwenye kibla ili aswali kwa ishara. Alizungumza naye kama zamani, akimweleza bei ya unga na nani ameoza binti, na aliyangoja majibu yake hata yakichukua dakika nyingi. Sisi watoto tulikatazwa kabisa kumjibia. Katika yote aliyoyafanya, hili ndilo ninalolistahi kuliko mengine, kwa kuwa alimlindia mumewe heshima ya kuwa mwenye nyumba mpaka siku ya mwisho. Alipofariki, Bibi alikaa eda miezi minne na siku kumi, kisha akarudi barazani.

Binti zake wote walijifungulia Hospitali ya Pumwani, naye ndiye aliyewapelekea uji.

Baada ya hitma, wanawake kadhaa wa mtaani walimfuata Mama faraghani wakitaka kulipa mahamri waliyokopa kwa Bibi, wengine tangu watoto wao walipokuwa wadogo. Tulitafuta daftari la madeni chumba kizima, hatukuliona. Mama aliwaambia kwamba Bibi hakuwahi kuandika deni la mtu mwenye watoto, akawafungia chakula kilichobaki waende nacho.